Samaki Mpole wa Kuanzia

"Huyu mnamchinja lini?"

Hayo ndiyo maneno yaliyotamkwa Jumapili iliyopita, katika sebule yangu hapa Tlawi, na mzee aliyewaongoza washenga waliokuja kumposa binti yangu; na kwa kuwa mzee huyo mwenyewe hajapata kula samaki tangu azaliwe, wala hana nia ya kuanza uzeeni, swali lake halikuwa la mlafi bali la muungwana aliyetaka kujua ratiba ya mwenyeji wake. Hapo ndipo penye uchungu. Laiti angekuwa amenikejeli ningejua la kumjibu, kwani kejeli ina dawa yake. Lakini mgeni anapolitazama pambo la nyumba yako, ulilolisitiri kwa kitambaa tangu alfajiri ili ulifunue mbele ya hadhara kwa taadhima, akaliona kuwa ni kitoweo, tena akakuuliza kwa adabu zote siku ya kukila, hubaki na la kufanya ila kumwongeza chai.

Nilikuwa nimejitayarishia hotuba. Ilikusudiwa kueleza, kwa ufupi usiochosha, jinsi viumbe wa asili mbalimbali wawezavyo kukaa pamoja ndani ya tangi la kioo la lita mia moja: samaki wa dhahabu wakielea juu kwa adhama, gapi wenye mikia ya rangi wakikatiza katikati, na chini kabisa, penye changarawe, mtumishi mnyenyekevu akiokota mabaki, kila mmoja na daraja yake, kila mmoja na riziki yake, pasipo ugomvi wala husuda. Ilikuwa hotuba nzuri, na yenye mnasaba na shughuli ya posa. Nikasafisha koo, nikakivuta kitambaa, nikawasha taa. Na hadhara nzima ikaona maji, changarawe, gogo la bandia, na samaki mmoja mweusi mwenye sharubu aliyekuwa amelala juu ya tumbo lake, akitutazama bila haya. Mtoto mmoja wa jirani, aliyekuwa amejipenyeza kwa kisingizio cha kuleta maji ya kunawa, akauliza wengine wako wapi. Mzee akainama, akalikagua lile tumbo kwa makini ya mfugaji wa siku nyingi, akamjibu, "Wamo humo humo, mjukuu wangu." Ndipo aliponigeukia na swali lake.

Posa haikuvunjika, namshukuru Mungu. Walakini majadiliano ya mahari yalifanyika kwa uchangamfu ambao sikuupenda.

Samaki yule niliuziwa Arusha, akiwa na urefu wa kidole cha shahada, na muuzaji ambaye jina lake nalisitiri kwa kuwa bado natumaini kurudishiwa fedha zangu. Alinikabidhi kwa maneno haya: "Mzee wangu, huyu ni mpole, ni samaki wa kuanzia. Kazi yake ni usafi tu." Insafu yanilazimu nishuhudie kwamba katika hilo la pili hakusema uongo. Usafi umefanyika.

Yuko kweli samaki wa usafi. Asili yake ni mito ya Amerika ya Kusini, mwili wake umevikwa mabamba magumu ya mfupa, na kinywa chake kimeelekezwa chini kwa ajili ya kunyonya, naye hushinda akikwangua ukoga wa kijani ulioganda juu ya kioo na magogo. Yule niliyefungiwa katika mfuko hakuwa huyo. Alikuwa kifaranga cha kambale, kambale huyu huyu wetu wa mabwawani, ambaye wafugaji humnunua kwa mamia. Na mtu yeyote anayenilaumu kwa kutomtambua ajaribu kwanza yeye mwenyewe kumpambanua kiumbe mweusi wa urefu wa kidole, ndani ya maji ya kijani, dukani penye giza, huku utingo wa basi akiita abiria wa Karatu na Mbulu.

Na kambale, kwa wasiomjua, ni ajabu mojawapo ya maumbile. Hana gamba hata moja. Macho yake ni madogo mno kwa kichwa kikubwa namna ile, kwa sababu hayategemei sana. Kinywa chake kimezungukwa na jozi nne za sharubu, na sharubu hizo, pamoja na kumpapasia njia, zimejaa viungo vya kuonjea, hata tukaweza kusema kwamba kambale huionja dunia kabla ya kuila. Mchana hulala, na mtu akamwona mpole. Usiku huamka. Nyuma ya matamvua yake ana kiungo cha pili cha kupumulia, chenye vijitawi vingi vilivyojaa damu, kinachomwezesha kuvuta hewa hii hii tuivutayo sisi, na ndiyo maana bwawa linapokauka na samaki wengine wakafa kwa kukosa pumzi yeye hubaki hai matopeni, na usiku wa mvua huweza kutoka kabisa majini akajikokota juu ya majani mabichi, kwa kujisukuma na miiba ya mapezi yake, hadi dimbwi jingine. Hula wadudu, konokono, vyura, mbegu, mizoga na samaki wenzake. Wafugaji wa kambale wanajua jambo moja ambalo muuzaji wangu hakuona haja ya kunidokezea: vifaranga vya kambale, waliotoka katika mayai ya mama mmoja siku moja, ni lazima watengwe kila mara kwa ukubwa, wakubwa kwao na wadogo kwao, kwa sababu aliyetangulia kukua kidogo tu humeza aliyechelewa. Basi ikiwa kambale hamstahi nduguye wa tumbo moja, gapi alitarajia heshima gani?

Ipo kanuni mashuhuri ambayo wanaoanza ufugaji huu hufundishwa popote duniani, kwamba mtu ahesabu sentimita moja ya samaki kwa kila lita moja au mbili za maji, akipenda kuwa na hadhari. Niliifuata kwa uaminifu. Niliketi na rula na karatasi, nikajumlisha urefu wa kila mkazi, nikabakiwa na nafasi ya akiba. Kwa hesabu hiyo tangi langu lilikuwa salama kabisa, na hata sasa, kwa hesabu hiyo hiyo, ni salama zaidi kuliko lilivyokuwa. Kanuni hupima urefu wa samaki, haipimi nia yake. Kipimo kilicho bora, na ambacho hakihitaji rula, ni upana wa kinywa: samaki yeyote awezaye kuenea katika kinywa cha mwenzake atakuja kuingia humo, ikiwa si leo ni usiku wa kesho, na wala haitakuwa dhambi kwa aliyemmeza, kwa maana samaki hana desturi ya kumwuliza jirani kama ni jirani.

Tena hata kama kambale asingekuwamo, wale wawili waliobaki hawakufaa kuwekwa pamoja, nami niliuziwa wote kwa mkupuo mmoja na kwa tabasamu lile lile. Samaki wa dhahabu ni mzawa wa China, ambako watu walianza kumfuga zaidi ya miaka elfu moja iliyopita, wakimchagua kwa rangi kizazi baada ya kizazi. Hupenda maji ya baridi, ya nyuzi 18 hadi 22 hivi, hula mfululizo, huchafua maji kupita kiasi, na akitunzwa vyema hufikia urefu wa sentimita 20 na zaidi. Gapi ni mzawa wa Venezuela, Trinidad na nchi za kando yake, na jina lake limetokana na Robert John Lechmere Guppy, aliyewapeleka kutoka Trinidad hadi Makumbusho ya Uingereza mwaka 1866. Yeye hupenda vuguvugu la nyuzi 24 hadi 27, hatagi mayai bali huzaa wana walio hai, na jike akipandwa mara moja huhifadhi mbegu za dume na kuzaa mara kadhaa bila kumwona tena. Ukimridhisha mmoja kwa ubaridi umemwonea mwenzake. Ukipasha maji kwa ajili ya gapi, wa dhahabu hutweta. Na hapa kwetu, zaidi ya mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, ambako mwezi wa Julai mtu huvaa koti hata akiwa jikoni, swali hilo si la nadharia. Nilinunua hita. Hita inahitaji umeme. Juu ya umeme sitasema neno, maana nikianza hatutamaliza, na wanaohusika hawasomi insha.

Safari yenyewe ya kuwaleta ilikuwa ya heshima. Mifuko ya plastiki iliyojazwa maji theluthi moja na hewa theluthi mbili nilikuwa nimeipakata kutoka Arusha hadi Makuyuni bila tatizo, tukateremka Mto wa Mbu, na basi lilipoanza kupanda ukingo wa Bonde la Ufa ile mifuko ikaanza kuvimba yenyewe, kwa kuwa hewa ya juu ni nyepesi na ile iliyofungwa mfukoni hutanuka kadiri mtu anavyopanda. Abiria mwenzangu, mama mmoja mwenye kikapu cha mayai, aliniomba kwa upole nihamie kiti kingine kabla mambo hayajaharibika. Dirishani, Ziwa Manyara lilikuwa limetandazwa chini yetu, jeupe kwa chumvi kandokando, na humo, katika maji ambayo samaki wangu wote wangekufa mara moja, huishi perege wa aina yake, yule ambaye wataalamu humwita Oreochromis amphimelas, ambaye makazi yake ni maziwa ya chumvi ya sehemu hizi za Tanzania. Nilimwonea wivu mwenye kumfuga huyo. Utingo alinitoza nauli ya mzigo.

Sasa nifike kwenye maji, maana hapo ndipo elimu ya jambo hili ilipojificha, na ndipo nilipoanza, pamoja na madhila yote, kuupenda ufugaji huu kwa dhati. Mtu hudhani samaki anaishi majini jinsi sisi tunavyoishi hewani, yaani bila kufikiri. Hasha. Samaki wa tangini anaishi ndani ya choo chake mwenyewe. Kila anapopumua hutoa amonia kwa njia ya matamvua, na amonia ni sumu inayounguza matamvua yale yale yaliyoitoa. Mtoni au ziwani sumu hiyo huchukuliwa na maji mengi, lakini ndani ya kioo haina pa kwenda. Kinachomwokoa ni vijidudu visivyoonekana kwa macho, ambavyo huota juu ya changarawe na ndani ya chujio: kundi la kwanza huila amonia na kuigeuza nitriti, ambayo nayo ni sumu, kundi la pili huila nitriti na kuigeuza nitreti, ambayo madhara yake ni madogo, nayo huondolewa kwa kubadili sehemu ya maji kila juma. Makundi hayo mawili hayanunuliki kwa haraka. Huja yenyewe, polepole, na huchukua aghalabu majuma manne hadi sita kutimia, na penye baridi huchukua zaidi. Na katika muda wote huo mfugaji mwenye akili hukaa akitazama tangi lenye maji matupu, na majirani humpitia dirishani wakimwonea huruma. Nilikaa hivyo. Mwanamke mmoja mtu mzima wa hapa jirani, aliponiona nikichota ndoo za maji ya Ziwa Tlawi na kuyaingiza ndani, aliniuliza kama nimekwisha kuwaomba ruhusa netlangw, hao pepo ambao Wairaqw wa zamani waliamini kwamba hukaa katika chemchemi na maziwa, maana si desturi kumhamisha mtu makazi bila kumwarifu. Nilicheka wakati ule.

Na ubaya wa amonia huzidi kadiri maji yanavyokuwa na magadi. Jambo hili lilinikosesha usingizi usiku mzima, si kwa hofu bali kwa furaha ya kujua, nilipofahamu ya kwamba katika Ziwa Magadi, ng'ambo ya mpaka wetu na Kenya, yuko perege mdogo aishiye katika maji makali kupita kiasi, ambamo samaki wa kawaida hawezi hata kuitoa amonia mwilini mwake. Naye akaepukana na balaa hilo kwa hila ya ajabu, kwamba hatoi amonia kabisa, bali hutoa urea, taka ile ile iliyomo katika mkojo wa binadamu na wa ng'ombe. Samaki anayekojoa kistaarabu! Na bado watu hutumia muda wao kutazama mpira.

Ikiwa basi mtu ataka kuchagua samaki wapatanao, busara ingemwelekeza kwa wale waliozoeana tangu enzi katika maji mamoja, na hapo ndipo nchi yetu ingepaswa kuwa kitovu cha dunia nzima. Ziwa Tanganyika, lenye kina cha mita 1,470, lina jamii za perege zaidi ya 200, takriban zote hazipatikani mahali pengine popote duniani. Wamo wadogo wa sentimita nne au tano ambao hukaa na wake na watoto wao ndani ya magamba matupu ya konokono, na hugombana na jirani kwa ajili ya gamba. Yumo kuhe, jitu la ukoo huo, anayefikia sentimita 80. Yumo mwenye nundu ya paji la uso na mistari myeusi, ambaye wa pande za Kigoma huwa na mistari saba ilhali wa pande nyingine nyingi huwa nayo sita. Na yumo mmoja ambaye hawezi kupatana na yeyote, kwa kuwa chakula chake ni magamba ya samaki wengine walio hai: huwavizia kwa nyuma, akabandua gamba, akakimbia. Vinywa vya samaki hao vimepinda, kwa wengine kushoto na kwa wengine kulia, hata yule wa kulia humshambulia mwenzake ubavu mmoja na yule wa kushoto ubavu wa pili. Na Mjapani Michio Hori alionyesha mwaka 1993 kwamba hakuna kundi linalolitawala jingine kwa muda mrefu, kwa maana wa kulia wakizidi, wanaowindwa huulinda sana ubavu ule, wa kushoto wakashiba wakaongezeka, na mizani ikarudi. Nimewaza sana juu ya vinywa hivyo. Nimewaza pia kwamba muuzaji wangu angeniuzia hata huyo, akaniambia kazi yake ni vipodozi.

Ziwa Nyasa lina mbuna wake, samaki wa mawe, buluu na manjano, warembo kuliko vitambaa vya duka lolote la Kariakoo na wagomvi kupita kiasi. Wafugaji waliowazoea wamevumbua dawa ya ugomvi wao inayopingana na kila nasaha niliyowahi kusikia: hawawapunguzi, huwaongeza. Ukiweka mbuna wawili au watatu, mwenye nguvu humtesa mnyonge mpaka amuue. Ukiwaweka wengi, wakabanana kama abiria wa daladala jioni ya mvua, mkorofi hakosi wa kumpiga ila hukosa wa kumwandama, na kila mmoja hupata kipigo kidogo tu anachoweza kuishi nacho. Sijui niseme nini juu ya hilo. Linafanya kazi.

Samaki hao wa maziwa yetu hufugwa Ujerumani, Ucheki, Japani na Marekani, na watu wa huko huwaandikia vitabu. Mbelgiji Pierre Brichard, aliyekuwa akiwasafirisha wakiwa hai kutoka Bujumbura, alitoa kitabu kinene juu ya samaki wa Tanganyika mwaka 1978. Na katika lugha ya wafugaji hao aina za samaki huitwa kwa majina ya vijiji: akitaka yule mweusi mwenye ukanda mpana wa manjano, mtu wa Berlin hutaja Ikola, akitaka mwingine hutaja Kipili, au Kigoma. Yupo basi Mjerumani, mwenye heshima zake, anayeamka asubuhi akaipa chakula Ikola yake, ilhali mimi niliyesoma jiografia ya nchi hii sikujua kuwa Ikola ina kitu chochote cha kulishwa. Katika duka la Arusha hapakuwa na hata samaki mmoja wa Tanganyika wala wa Nyasa. Palikuwa na Mchina, palikuwa na Mtrinidad, na palikuwa na kambale aliyejitia uraia wa Amerika ya Kusini.

Na nikiwa katika kulalamika, niseme lile ambalo limenikaa kooni tangu Jumapili. Nimechekwa kwa tangi la lita mia. Lakini katika miaka ya 1950, wakati wa utawala wa Waingereza, walikuwapo watu upande wa Uganda waliolitazama Ziwa Victoria, ziwa kubwa kuliko yote Afrika, wakaona kwamba furu waliomo ni wadogo na wenye miiba, wala hawampendezi mvuvi wa mshipi, wakamtia humo sangara: samaki anayefikia urefu wa mita mbili na uzito wa kilo 200, na ambaye upana wa kinywa chake sihitaji kuueleza. Hawakukosa kuonywa. Mtaalamu Geoffrey Fryer aliandika mwaka 1960 akitahadharisha juu ya mpango huo, na miaka michache baadaye sangara wengine zaidi wakatiwa. Furu walikuwa aina zaidi ya 500. Waholanzi wa Leiden walipokuja Mwanza mwaka 1977 kuwachunguza, nyavu bado zilikuwa zikijaa. Kabla miaka ya 1980 haijamalizika, sangara walikuwa wamejaa na furu wa aina nyingi mno walikuwa wamekwisha kutoweka, baadhi yao kabla hawajapewa jina. Pamoja na sangara alitiwa pia sato, na ngege wa asili, aliyekuwa akipendwa na wavuvi wa kale, akawa hadithi ya wazee. Sikatai kwamba sangara alileta fedha, viwanda na ajira. Nimemla mwenyewe na nimemsifu. Ila minofu yake ilipopanda ndege kwenda Ulaya, watu wa ufukweni waliachiwa mapanki, yaani kichwa na mifupa, wakayakaanga, wakayala. Mwenye kuchagua samaki yule alistaafu, nadhani, kwa kiinua mgongo. Hakuna mzee aliyeingia sebuleni kwake mbele ya wakwe akamwuliza wengine wako wapi.

Mengine yaliyonifika tangu Jumapili ni madogo. Jumanne mvua ilinyesha, na kambale alikutwa nyuma ya mlango wa jikoni, mzima, akielekea ziwani. Shemeji yangu alilitia tangi chumvi ya mezani kwa kusikia kwamba ni dawa. Hita imeungua.

Jana nikampigia simu yule muuzaji. Alinisalimu kwa shikamoo ndefu, akasikitika kwa sauti, akaniambia kuwa kambale ni bahati mbaya na kwamba ameletewa wengine wapole kabisa, wa kuanzia. Nikamwambia sitaki wapole. Nataka wa Tanganyika, wale wa Ikola, weusi wenye ukanda wa manjano, na kama hana hao anirudishie fedha. Akasema hao wanapatikana bila shaka yoyote, mzee wangu, ila itabidi waagizwe Ujerumani. Nikamwuliza bei. Akanitajia. Nikamwomba anisalimie watoto, nikakata simu, nikaenda kuuliza bei ya pumba za kuku.